Mvua ya Uru, mpunga wa Chekereni

Shule ikipata kompyuta, watu wote huuliza ngapi. Afisa elimu akija huuliza ngapi, mfadhili huuliza ngapi, wazazi kwenye kikao huuliza ngapi. Nafundisha Jiografia na Hisabati kwenye shule ya kata huku Uru, juu ya mji wa Moshi, na nimekaa hapa muda wa kutosha kuona chumba cha kompyuta kikizinduliwa kwa keki na kwaya, kisha kikapigwa kufuli, ufunguo ukahamia kwenye droo ya ofisini. Mashine zilikuwepo, tena nzima, zimefunikwa vitambaa vya kudariziwa. Wanafunzi waliingia mara mojamoja. Mtoto anaandika jina lake, analikuza, analipaka rangi nyekundu, kengele inalia. Hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa akilisubiri lile jina.

Mambo yalibadilika pale alipopatikana wa kusubiri.

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022, serikali iliamua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe kwa walimu. Changu kilifika na mkwaruzo kwenye kona, na hadi leo napenda kuwaza kimezunguka vijiji gani kikiuliza watu nani alilala nyumbani usiku wa kuamkia sensa. Walimu wengine walivitumia kusomea vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vingine, tuseme ukweli, vilikwenda nyumbani vikawa vya katuni. Wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, sheria ambayo sibishani nayo sana. Kwa hiyo mlango wote wa intaneti wa darasa langu ulikuwa kishikwambi hicho kimoja pamoja na simu yangu yenye bando la wiki.

Kwenye usahihishaji wa mtihani wa utamilifu nilikaa meza moja na mwalimu wa Jiografia wa shule ya tambarare, upande wa Chekereni. Kwa asiyeijua Moshi: Mto Rau unatoka kwenye msitu ulio juu yetu, unateremka pembeni ya mji, kisha unafika kwenye mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, ile iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Sisi tuna migomba, kahawa na ukungu wa Julai. Wao wana mpunga, joto na mbu. Maji ni yaleyale. Kaka yule, huku akipiga tiki na mikasi, akaniambia wanafunzi wake wanachora kipima mvua kizuri sana kwenye mtihani lakini hakuna aliyewahi kukishika mkononi. Nikamwambia wangu ni hivyohivyo. Tukakubaliana watoto wake na wangu wapime mvua kila siku, kwa saa ileile, wapeane namba kila Ijumaa, halafu tuone itakuwaje. Hatukuwa na andiko la mradi, barua ya kibali cha wizara wala bajeti. Mkuu wa shule wangu aliuliza swali moja tu: "Itagharimu nini?" Nikamjibu, chupa.

Chupa yenyewe ni ile ya maji ya lita moja na nusu, yenye kuta zilizonyooka. Unakata sehemu ya juu pale bega linapoanzia, unaigeuza kichwa chini na kuichomeka iwe faneli, ili maji yakishaingia yasikaushwe na jua. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo unaweka kokoto na kumwaga maji hadi yazifunike, hapo ndipo unachora mstari wa sifuri. Rula ya plastiki unaifunga kwa ubavu kwa selotepu. Upana wa mdomo ukilingana na upana wa mwili, kina cha maji kwa milimita ndicho mvua iliyonyesha, huhitaji hesabu nyingine. Tulisoma saa tatu kamili asubuhi, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na watoto walipenda sana kujua kwamba wanasoma wakati mmoja na wataalamu.

Kuiweka chupa ndiko kulikotutoa jasho. Kipima mvua hakitakiwi karibu na mti wala paa. Kwa kawaida umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wa kinachokizuia. Sasa huku kwetu ni vihamba, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba, mtindo mmoja: kahawa, juu yake mgomba, juu yake miti ya kivuli, mruka na grevilea. Mahali peusi kwa kivuli tunapo tele, mahali peupe hatuna, isipokuwa uwanja wa mpira. Timu ya shule haikufurahi. Kapteni alidai kona ya uwanja haiwezi kuwa na chupa, na alikuwa na hoja. Mwishowe kipima mvua kilikaa nyuma ya goli la upande wa makaburi, kwenye nguzo, na golikipa akapewa ulinzi wake. Nasema hivi kwa sababu ripoti nyingi za teknolojia shuleni hazimtaji golikipa.

Wiki za kwanza hazikuwa na lolote. Kikundi cha zamu kinaandika namba kwenye kaunta buku, Ijumaa mchana napiga picha ukurasa na kuutuma kwa kaka wa Chekereni, naye ananitumia wake. Halafu siku moja ikaja voisi. Msichana wa Kidato cha Pili wa kule chini, kwa sauti ya upole kabisa, anasema: "Habari zenu huko mlimani. Tunaomba kuuliza, mbona mvua yenu inapenda sana kumi na ishirini?"

Niliwawekea darasani kwa spika ya kishikwambi. Kimya. Kisha mmoja akacheka, mwingine akamkanyaga mguu. Tukafungua kaunta buku. Kweli, kwenye wiki moja kulikuwa na 10, 20, 10, 0, 20. Mvua ya kweli haina tabia hiyo. Huja 7, huja 13, huja 22. Kikundi cha zamu ile kilikuwa kinapita mbali na chupa, kinaiangalia kutoka kwenye njia na kukadiria. Mimi ningeweza kuwaambia mwaka mzima kuhusu usahihi wa vipimo, na kwenye mtihani wangeandika sababu nne za umuhimu wake. Yule binti wa Chekereni alimaliza kazi kwa sentensi moja, kwa sababu namba zile yeye alikuwa anazihitaji. Tangu hapo kila namba iliandikwa na jina la aliyeisoma, na hilo halikuwa agizo langu. Walijipangia wenyewe, wakitaka siku nyingine wakiulizwa wajue wa kumtafuta.

Jambo la pili walilobishania lilikuwa Jumapili. Jumapili hakuna mtu shuleni, Jumatatu unakuta maji ya siku mbili kwenye chupa. Chekereni waliandika sifuri kwa Jumapili na kiasi chote kwa Jumatatu. Sisi tuliacha wazi Jumapili. Tulipoingiza vyote kwenye Excel na kutafuta wastani wa siku, majibu yakatoka tofauti hata pale jumla zilipokaribiana, na hapo ndipo vitambaa vya kudariziwa vilipoondolewa rasmi kwenye kompyuta, maana watoto walitaka kujua mashine inafanya nini. Excel ikitafuta wastani huruka seli tupu, lakini sifuri huihesabu. Siku saba zenye sifuri moja hugawanywa kwa saba. Siku saba zenye seli moja tupu hugawanywa kwa sita. Kusema "haikunyesha" na kusema "sikupima" ni kauli mbili tofauti, na kuna watu wazima wenye ofisi na viti vya kuzunguka wanaozichanganya kila siku kwenye taarifa zao. Tulichukua karibu kipindi kizima cha mara mbili kwa jambo hilo moja, nami sikujutia dakika yoyote. Suluhisho lilitoka kwao: mtoto anayekaa karibu na shule apite baada ya ibada asome.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine chache zinazowaka, kwa hiyo wanafunzi walikaa wanne kwa mashine moja. Nimeshaona pia mpangilio wa kila mtoto na chake, kwenye shule moja ya kulipia huko Arusha nilikoalikwa kutembea, na nilichokisikia humo ndani ni feni. Kwetu ni soko la Kiborloni kwa kelele. Mmoja ameshika kipanya, mmoja anasoma namba kutoka kaunta buku, mmoja anasimamia kosa, wa nne anabisha. Nikiwa na fedha za kununua mashine zaidi ningenunua, sikatai, lakini nisingeongeza hadi kila mtu awe na yake. Sugata Mitra alipotoboa ukuta mtaa wa Kalkaji, New Delhi, mwaka 1999 na kuweka kompyuta kwa ajili ya watoto wa mtaani, wengi walichokishika kwenye habari ile ni kwamba hapakuwa na mwalimu. Mimi nilichokishika ni kwamba mashine ilikuwa moja na watoto walikuwa kundi.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mkoani Tanga, jirani zetu tu hapa, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto wa vijijini ambao wengi hawakuwa shuleni kila mmoja kishikwambi chake, chenye programu ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School, na watoto walikuwa wamejifunza. Kwa herufi na hesabu za kujumlisha mashine inayokurudia bila kuchoka inafaa hata ukiwa peke yako. Kwa kijana wa Kidato cha Pili anayetakiwa kujua kama namba yake ni ya kweli, nadhani anahitaji mwenzake wa kumsuta.

Mwenzangu wa Fizikia alikwenda njia yake, nami nikaiiga. Aliweka Kolibri kwenye kompyuta mpakato ya zamani. Hii ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyotokana na juhudi zao za mwaka 2012 za kuyafanya masomo ya Khan Academy yapatikane pasipo intaneti. Unapakua masomo mara moja, mahali penye mtandao mzuri. Yeye alikwenda kukaa kwa rafiki yake mjini usiku kucha. Ukirudi shuleni unaunganisha ruta ya kawaida isiyo na hata laini, na kompyuta zote za chumba zinasoma kutoka kwenye ile mpakato. Hakuna bando linaloliwa. TANESCO wakikata, mpakato inaendelea kwa betri na ruta inakula sola ndogo. Humo humo aliingiza majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo yanafanya kazi bila mtandao. Vijana wanaunga saketi, wakikosea nyaya betri inawaka moto kwenye skrini, wanashangilia, kisha wanakuja mezani kuunga ya kweli kwa betri za redio na balbu za tochi. Anawapa sharti moja: kila kundi liandike maelekezo ya jaribio kwa ajili ya kundi la mkondo mwingine watakaoingia kesho, na kundi la kesho likishindwa kuyafuata, alama zinapungua kwa walioandika. Hayo maelekezo nimeyasoma. Ni Kiingereza cha kuchechemea lakini hakidanganyi.

Lugha nayo ina hadithi yake. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, ripoti wanaandika kwa Kiingereza, na nisingetaka waikose lugha hiyo. Ila voisi zote za Uru na Chekereni zimekuwa za Kiswahili tangu siku ya kwanza, wakikasirika huku kwetu kinachomoka Kichaga, na hoja nzuri zote zilizaliwa humo. Nilijaribu wiki moja kuagiza voisi ziwe za Kiingereza. Zilikuja fupi, zenye adabu, hazikuuliza kitu. Nikaliondoa agizo langu kimyakimya.

Mwezi Februari, jua kali, Mto Rau umekonda, ikaja voisi ambayo haikuwa kwenye mtaala wowote. Kijana wa Chekereni anasema baba yake amekosa zamu ya maji, ardhi ya mpunga imeanza kupasuka, na wazee wa kule wanasema watu wa mlimani wanayazuia maji kwenye mifongo yao, mifereji ya asili ya kumwagilia. "Tunaomba mtujibu ni kweli au si kweli." Darasa langu lilipata moto. Mifongo ndiyo maisha ya huku. Wageni wa Ulaya walioingia Uchagani karne ya 19 waliikuta imeshachimbwa zamani, ikitembeza maji pembezoni mwa mabonde bila pampu wala saruji. Watoto wangu hawakuwahi kuwaza kwamba tone wanalomwagia bizari na maharage lina mtu anayelisubiri chini. Wengine walitaka kujibu kwa matusi. Nikawaambia jibu ni moja, kipimo.

Hatukuwa na chombo cha kupima mtiririko, tukatumia chungwa. Unapima mita kumi kwenye mfongo, unadondosha chungwa, unahesabu sekunde, unapata mwendo; unapima upana na kina, unazidisha, kisha unapunguza kidogo kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kwa vile mfongo una wenyewe, tulimwomba kwanza mzee anayeusimamia. Alikuja na fimbo na koti la mvua, ingawa mvua haikuwepo, na watoto wakamsalimia kwa pamoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnataka kuyahesabu maji yangu mkayauze?"

Alikaa nao asubuhi nzima. Akawaeleza zamu zinavyopangwa, nani anafungua alfajiri, faini ya asiyekuja kuzibua mfongo ni nini, na kwamba usiku maji hurudishwa mtoni. Tulimrekodi kwa kishikwambi, kwa ruhusa yake, tukaikata rekodi vipande vidogo ili ipite kwenye WhatsApp, tukaipeleka Chekereni pamoja na namba za chungwa. Kule chini wakaketi wakaisikiliza, na jibu lao likaja siku mbili baadaye: "Mwambieni babu tumemsikia. Lakini tunaomba mpime na usiku." Mzee alipopelekewa hiyo alicheka hadi akakohoa, akasema huyo mtoto atakuwa hakimu.

Hatukupima usiku. Siwezi kuwapeleka watoto wa watu bondeni gizani. Swali lao liko mezani hadi leo, na nililiandika ubaoni lilivyo.

Masika ndiyo yaliyowakamata wazazi. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na tarehe 3 Desemba mwaka huo tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh. Watu wote wa Kaskazini waliziona zile picha kwenye simu. Masika ya 2024 yalipofuata, mzazi aliyekuwa akiuliza "hiyo chupa itatoka kwenye mtihani?" alianza kuuliza "leo chupa inasemaje?" Wanafunzi waligundua kwamba mvua kubwa ikinyesha Uru usiku, chini kunaweza kuwa kukavu kabisa, mbingu nyeupe, na bado mto ukaja umevimba. Wakaanza kuandika saa: mvua imesomwa saa ngapi huku, maji yamepanda saa ngapi kule darajani. Hapo nilikuwa mkali. Nikawaambia wasimtumie mtu yeyote ujumbe wa "tahadhari". Tahadhari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, sisi tunatuma kipimo na saa yake, basi. Kijana mwenye chupa na WhatsApp anaweza kukimbiza kijiji kizima kwa namba aliyoisoma vibaya.

Kipimo kilitusaidia pia nyumbani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la madarasa mawili lenye mita za mraba 100 likipata milimita 40 kwa siku, hizo ni lita 4,000, na kwetu zilikuwa zinaishia kwenye mtaro huku wasichana wakibeba ndoo kutoka bombani. Kikundi cha Kidato cha Tatu kilipeleka grafu hiyo kwenye bodi ya shule. Walizungumza kwa zamu, mjumbe mmoja akawauliza kama wameondoa yanayorukia nje ya mfereji wa bati, wakasema ndiyo, wameondoa sehemu moja ya tano. Simtanki limekuja muhula uliofuata, na gata zilifungwa na mzazi fundi bure. Sijui kozi gani ya "stadi za karne ya 21" ingewapa zaidi ya kile kikao, na semina za namna hiyo nimehudhuria, chai yake ni nzuri.

Kisha ikaja akili unde. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na huku ilitufikia kupitia kaka na dada wa chuo waliorudi likizo. Kundi moja likaniletea ripoti yenye Kiingereza cha kung'aa, ndani yake kuna sentensi inayosifu "kituo chetu cha kisasa cha kupima hali ya hewa kinachojiendesha". Sikusema kitu, nikaituma Chekereni ilivyo. Jibu: "Hongereni sana! Tunaomba picha ya kituo." Wakaenda kuandika upya. Baadaye tuliitumia programu ile wazi, kwenye kishikwambi, mbele ya darasa zima: wanaiuliza kuhusu mvua ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, wanaandika inachosema upande mmoja wa ubao, namba zao upande wa pili. Inapopatia, wanakasirika kidogo. Inapokosea, shangwe. Natumaini watabaki na tabia hiyo ya kuwa na upande wa pili wa ubao.

Kwa walimu sina makubwa ya kusimulia. Tuna vipindi vya MEWAKA shuleni, ile programu ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo tunakaa jumuiya ya ujifunzaji na kupeana mbinu. Vinategemea nani amekuja na somo lake halisi na nani amekuja kusaini mahudhurio. Kundi letu la WhatsApp la walimu wa Jiografia lilikuwa la salamu za asubuhi, maua na michango ya misiba, mpaka tulipokubaliana Jumatano iwe siku ya kuleta swali moja ambalo wanafunzi wamekushinda kulijibu. Jumatano ndiyo siku pekee ninayolifungua kabla ya chai. Mwalimu mmoja wa Marangu aliwahi kuuliza, kwa niaba ya mtoto wake wa Kidato cha Kwanza, kwa nini Kilimanjaro kuna theluji ilhali tumo karibu na ikweta na tuko karibu zaidi na jua. Majibu yalikuja hadi usiku, na watu wawili hawajapatana bado.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri, na kwenye karatasi mambo yetu yanaingia humo vizuri. Lakini matokeo ya Baraza la Mitihani ndiyo yanayopangwa kwenye kuta za ofisi, na mkuu wangu wa shule, ambaye ametuvumilia sana, huniuliza kila mwisho wa mwaka kama chupa imepandisha Jiografia. Namwambia nasubiri. Anasema, "Mwalimu, nami nasubiri." Huwa tunaishia hapo.

Tatizo la sasa ni likizo ya Desemba. Shule imefungwa, simu ya kaka wa Chekereni anaondoka nayo kwenda kwao Singida, nami bando la shule halipo. Watoto wamepanga hivi: wale watano wanaokaa karibu na uwanja watagawana siku. Namba za kila Ijumaa zitatumwa kwa simu za wajomba na mashangazi, maana Desemba Wachaga wote wa Dar es Salaam wanapanda, na hakuna nyumba ya Uru itakayokosa mtu mwenye simu janja na bando la mwezi. Wameandika orodha ya nani ana mjomba anayekuja tarehe ngapi. Golikipa yeye kasema mjomba wake hushuka basi tarehe 22, kwa hiyo kuanzia tarehe hiyo asiulizwe mtu mwingine, na akanitaka nihakikishe Chekereni wana namba yake kabla hatujafunga.